Ushuru wa Soko Kila Siku, Bima ya Afya kwa Mkupuo: Hesabu za SHA Mpakani Busia na Malaba

Machi 2001 Aggrey Awori aligombea urais wa Uganda, akaangushwa na Yoweri Museveni. Septemba 2003 kaka yake, Moody Awori, mbunge wa Funyula, aliteuliwa na Mwai Kibaki kuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Hawa ni watoto wa kasisi mmoja wa Kianglikana, Wasamia wa damu, ila mpaka uliochorwa na Waingereza ulimfanya mmoja mwanasiasa wa Kampala na mwingine wa Nairobi. Ukiwa Busia jambo hilo halikushangazi. Hapa mtu huamkia nchi moja, akanywa chai ya saa nne nchi nyingine kwa shangazi yake, na jioni akarudi kwake bila kuhisi kwamba amesafiri.

Katika miaka ile ile michache, nchi hizo mbili zilijibu swali moja kwa njia mbili. Swali lilikuwa hili: nani alipie matibabu ya mtu asiye na mshahara? Museveni, uchaguzi ukiwa mlangoni, alifuta ada katika zahanati na hospitali za serikali mwaka huo wa 2001. Kenya ikashika njia ya bima. Waziri wa Afya Charity Ngilu alipeleka bungeni mswada wa bima ya afya kwa kila Mkenya, Bunge likaupitisha mwaka 2004, lakini Kibaki akakataa kuutia saini kwa hoja kwamba gharama yake haibebeki. Basi Msamia wa Uganda akabaki na haki ya kutibiwa bila ada, naye Msamia wa Kenya akaendelea kutia mkono mfukoni.

Nimeanza na historia hiyo kwa sababu Nairobi hujadili mageuzi ya afya kana kwamba ni ugomvi wa mawakili na wahasibu. Watu wa Busia na Malaba wana kipimo ambacho Nairobi haina. Wanaweza kutembea dakika chache wakaona serikali nyingine imefanyaje, wakalinganisha, wakaamua kwa miguu.

Busia mpaka ni nchi kavu. Barabara inayotoka Kisumu hupita katikati ya mji, ikaingia kwenye kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa na Uhuru Kenyatta na Museveni Februari 2018, kisha ikaendelea zake kuelekea Kampala. Malaba, kule Teso Kaskazini, mpaka ni mto, na juu yake yamepita malori na reli. Shehena za Kampala, Kigali, Juba na mashariki mwa Kongo hupita hapa zikitoka bandari ya Mombasa. Covid ilipozuka mwaka 2020, foleni ya malori Malaba ilinyooka kilomita nyingi, madereva wakisubiri majibu ya vipimo, wengine wakilala chini ya matela. Pembezoni mwa barabara hizo kuna mawakala wa forodha na wabadilishaji fedha wenye mabunda ya noti za nchi mbili. Kuna vijana wa bodaboda, kazi iliyozaliwa mpakani hapa enzi za baiskeli, na watu wenye ulemavu ambao kwa miaka mingi wamevusha bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Kina mama wa nafaka, mayai, mitumba na omena ndio wengi kuliko wote. Kati ya watu hao, wenye hati ya mshahara ni wachache mno.

Sasa waletee sheria inayodai asilimia 2.75 ya mapato.

Sheria hiyo ilitiwa saini na Rais William Ruto Oktoba 19, 2023, pamoja na nyingine tatu za afya, na kesho yake akazinadi Kericho katika sherehe za Mashujaa. Iliizika NHIF, bima ya taifa ya hospitali iliyokuwapo tangu 1966, ikazaa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, yenye mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi, unaojazwa na serikali ili aliyesajiliwa atibiwe bila malipo katika zahanati na vituo vya afya. Wa pili ni SHIF, bima yenyewe, ambayo sisi ndio tunaijaza. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu, unaotakiwa kumbeba mgonjwa pale bima inapoishia.

Kwa mwenye mshahara, hesabu si ngumu. Chini ya NHIF, aliyelipwa shilingi 20,000 alikatwa 750, na aliyelipwa 100,000 au zaidi alikatwa 1,700, hata kama mshahara wake ni milioni. Chini ya SHIF yule wa 20,000 anakatwa 550. Wa 100,000 anakatwa 2,750, wa 200,000 anakatwa 5,500, na juu ya hapo hakuna kikomo. Hilo, niseme wazi, ni jambo la haki. Mlinzi wa lango la ghala la Malaba amepata nafuu ya shilingi 200, na bosi wa kampuni inayomiliki ghala hilo ameanza kulipa kadiri ya uwezo wake. Wanaopiga kelele kwamba SHIF imewaonea wenye mishahara minono wana masikio ya vyombo vya habari, ila hoja yao ni nyembamba. Walio na haki ya kulalamika ni walio katikati, mathalani mwalimu wa shilingi 50,000. Alikuwa akikatwa 1,200 na sasa anakatwa 1,375, na papo hapo anakatwa asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, mchango wa pensheni wa NSSF ulioongezwa, na kodi ya mapato. Ahueni kidogo ilikuja mwishoni mwa Desemba 2024, sheria ya kodi iliporekebishwa ili SHIF na ada ya nyumba ziondolewe kwanza kabla ya kodi kupigiwa hesabu. Kabla ya hapo mtu alikuwa akitozwa kodi juu ya pesa ambazo serikali ilikwisha kuzichukua.

Mahakama nazo hazikulala. Novemba 27, 2023, Jaji Chacha Mwita alisimamisha utekelezaji wa sheria hizo za afya. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikaondoa zuio hilo, isipokuwa kwa vifungu vichache, vikiwemo vilivyotaka mtu athibitishe kwamba amejisajili na kulipa ndipo apate huduma nyingine za serikali. Julai 12, 2024, majaji watatu wa Mahakama Kuu, Alfred Mabeya, Robert Limo na Fridah Mugambi, wakatamka kwamba sheria tatu kati ya zile nne zinakiuka Katiba kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo, wakalipa Bunge siku 120 lizitengeneze upya. Septemba 20 Mahakama ya Rufaa ikasitisha hukumu hiyo. Siku kumi na moja baadaye, Oktoba 1, 2024, NHIF ikafungwa na SHA ikaanza kazi. Mgonjwa aliyelazwa Septemba akiwa na kadi ya NHIF aliamka Oktoba akiambiwa ajisajili upya.

Katika mlolongo huu wa kesi za kodi na makato, Busia ina mtu wake. Okiya Omtatah, mwana wa Teso, alikwisha kuzoeleka katika korido za mahakama za Nairobi miaka mingi kabla wapigakura wa kaunti hii hawajamtuma Seneti mwaka 2022. Ndiye mlalamishi wa kwanza katika kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023, ile iliyopandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 na kuleta ada ya nyumba. Novemba 28, 2023, Mahakama Kuu ilimpa ushindi wa nusu. Ilisema ada ya nyumba ni ya kibaguzi kwa sababu inamkata mwenye ajira rasmi na kumwacha mwenye mapato mengine bila sababu ya msingi. Bunge likajibu Machi 2024 kwa sheria mpya inayomtoza kila mwenye mapato. Julai 31, 2024, Mahakama ya Rufaa ikaifuta Sheria yote ya Fedha ya 2023. Kufikia hapo vijana walikuwa wamekwisha kuingia barabarani kuupinga mswada wa fedha wa 2024, Rais amekwisha kukataa kuutia saini, na nchi imekwisha kuwazika waliouawa katika maandamano. Oktoba 29, 2024, Mahakama ya Juu ikaihuisha ile sheria iliyokuwa imefutwa.

Msomaji akichoka hapa namwelewa. Lakini kuna jambo moja katika hukumu ya ada ya nyumba ambalo watu wa mpakani wanapaswa kulitazama kwa makini. Majaji walisema si haki kumkata mwenye hati ya mshahara peke yake. Dawa ya ubaguzi huo ikawa ni kumtoza na yule asiye na hati ya mshahara. Yaani ushindi wa mwalimu mahakamani uligeuka bili ya muuza nyanya. Na SHIF imejengwa juu ya wazo hilo hilo: kila kaya ilipe, iwe ina ajira au haina.

Wamarekani walipita njia kama hii, tena kwa uwazi zaidi. Sheria ya bima ya afya ya Barack Obama iliwalazimisha watu wawe na bima au walipe adhabu. Juni 28, 2012, Jaji Mkuu John Roberts aliinusuru kwa kura tano dhidi ya nne kwa kusema kwamba Bunge la Marekani halina mamlaka ya kumlazimisha mtu anunue bima, ila lina mamlaka ya kutoza kodi, na adhabu ile kwa hakika ni kodi. Wanasiasa waliokuwa wameapa kwamba si kodi waliumbuka, lakini sheria ikapona. Mwaka 2017 Bunge lao likaishusha kodi hiyo hadi sufuri kuanzia 2019, majimbo yakiongozwa na Texas yakarudi mahakamani kudai kwamba sasa sheria nzima ife, na Juni 2021 Mahakama ya Juu yao ikawafukuza kwa kura saba kwa mbili. Kwetu neno kodi linaepukwa kama ukoma. Tunaambiwa ni mchango. Mchango wa lazima, uliowekwa kwa asilimia, unaokatwa kabla mshahara haujafika benki, una tofauti gani na kodi? Katiba yetu, ibara ya 201, inataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Ukikiita kitu mchango, umekitoa nje ya mjadala huo.

Tikiti ya asubuhi

Turudi sokoni, kwa kuwa hapo ndipo mageuzi haya yatasimama au kuanguka.

Mama anayeuza omena au mboga katika soko la Busia hufikiwa na mtoza ushuru wa kaunti karibu kila siku ya soko. Anatoa pesa kidogo, anarekodiwa, anaendelea na biashara. Akikosa asubuhi, mtoza ushuru atarudi mchana, akishauza. Utaratibu huu umekuwapo tangu enzi za mabaraza ya miji na wilaya. Una mianya yake ya wizi, ndiyo, lakini unaelewa jambo moja ambalo wataalamu wa SHA hawakulielewa: pesa ya mchuuzi huja kwa vipande na huondoka kwa vipande. Leo ana 800 za faida, kesho ana 150, keshokutwa mvua imenyesha au polisi wamefunga kichochoro cha kuvukia, hana kitu.

SHA inamwambia alipe kwa mwaka mzima, kwa mara moja.

Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, sawa na 3,600 kwa mwaka kwa kaya nzima. Ukiiandika ubaoni ni nafuu kubwa. NHIF ilimtoza asiyeajiriwa 500 kwa mwezi, jumla 6,000 kwa mwaka. Kwa karatasi, SHA imempunguzia mama huyu shilingi 2,400. Kwa mfuko wake imemwongezea mzigo, kwa maana 500 aliweza kuikamua kila mwezi, na 3,600 kwa siku moja ni mtaji. Mwanamke anayeanza na beseni moja la omena akiitoa pesa hiyo yote, kesho ataingia sokoni na nini?

Na hizo 3,600 ni kwa atakayekadiriwa kiwango cha chini. Kadirio lenyewe hufanywa kwa maswali: nyumba imeezekwa kwa nini, ukuta ni wa nini, choo ni cha aina gani, mnapikia kuni au gesi, mko wangapi, mna mifugo. Mtu hujibu, mashine inapiga hesabu, jibu linatoka. Nia ni nzuri, maana mapato ya mchuuzi hayaandikwi popote. Lakini fikiria kaya za Teso Kusini au Matayos. Kijana aliyeko Nairobi au Qatar amemjengea mama yake nyumba ya matofali, akaweka mabati ya rangi na sola. Mama anaishi humo na wajukuu watano na hana shilingi. Mashine inaona ukuta. Jirani yake anakaa nyumba ya udongo ya kupanga na kila wiki anavusha magunia ya mahindi kutoka Uganda. Mashine inaona udongo. Ng'ombe wa mahari aliyefungwa kwa shemeji Tororo haonekani kabisa, na pesa zilizo katika simu ya laini ya Uganda haziulizwi. Mpakani mali ya mtu imegawanyika nchi mbili, na fomu ya SHA inajua moja tu.

Serikali yenyewe iliona kwamba mkupuo umegoma. Mwaka 2025 ikaleta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao kwa kweli ni mkopo: mtu analipiwa mwaka mzima, kisha analirudisha deni kidogo kidogo. Oktoba mwaka huo ikatangaza kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Hizo ni hatua, sizibezi. Lakini mkopo wa kulipia bima ni deni juu ya ugonjwa ambao haujaja, na watu wa mpakani wana madeni ya kutosha ya mikopo ya simu. Wakenya waliosajiliwa SHA walipita milioni 20 mwaka 2025, na wanaolipa ni sehemu ndogo ya hao, wengi wao wakiwa ni walewale wenye mishahara ambao hawana pa kukimbilia. Yaani ule ubaguzi ambao Mahakama Kuu iliulaani katika ada ya nyumba umerudi kwa mlango wa nyuma. Kwenye sheria kila mtu analipa. Kwenye daftari la benki, analipa mwajiriwa.

Rwanda, ambako baadhi ya malori ya Malaba huelekea, watu nao hulipa bima ya jamii kwa mwaka. Walichofanya ni kuipitisha vijijini, kupitia vikundi vya kuweka akiba vinavyoitwa ibimina: kila wiki kidogo, na mwaka wa bima ukianza pesa imeshakamilika. Busia haina uhaba wa vikundi. Karibu kila mwanamke wa sokoni ana chama, wengine viwili, na daftari la mweka hazina wa chama lina nidhamu ambayo idara nyingi za serikali zingeionea wivu. Sijaelewa kwa nini mfumo wa kidijitali uliogharimu mabilioni haukuanzia hapo.

Na tuutaje mfumo huo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, alieleza katika ripoti iliyotoka Machi 2025 kwamba mfumo wa SHA wenye thamani ya shilingi bilioni 104.8 si mali ya serikali, na akahoji namna ulivyonunuliwa. Mwananchi anaambiwa alipe kwa sababu mfumo ni wake. Ukaguzi unasema si wake.

Mlango wa hospitali

Pesa ikishalipwa, inanunua nini? Kwenye zahanati na kituo cha afya, aliyesajiliwa hatakiwi kutoa kitu. Shida huanza akipewa rufaa kwenda hospitali ya ngazi ya 4 kama Kocholya, ambayo ndiyo kimbilio la watu wa Malaba, au hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Busia. Hapo kusajiliwa hakutoshi, lazima awe amelipa mwaka.

Chukua uzazi. Juni 2013 serikali ilifuta ada za kujifungua katika hospitali zake, na baadaye huduma hiyo ikaingizwa NHIF kwa jina la Linda Mama. Mama mjamzito hakuulizwa kama amelipa bima. Chini ya SHA, SHIF hulipa hospitali shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, lakini kwa mwanachama aliyelipa. Ambaye hajalipa na uchungu umemshika usiku, familia itachangishana kwenye simu au itakodi bodaboda ivuke. Wanawake wa upande wa Kenya kujifungulia Masafu au Tororo, upande wa Uganda, si habari mpya hapa, kama ambavyo Waganda wamekuwa wakija Busia na Alupe kutafuta huduma. Ibara ya 43 ya Katiba inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Imeandikwa vizuri, lakini mhasibu wa hospitali naye ana madai ambayo hajalipwa.

Maana hospitali nazo zinadai. SHA ilirithi madeni ya NHIF ya mabilioni ya shilingi. Februari 2025 hospitali binafsi zilizo chini ya muungano wa RUPHA zilitangaza kwamba zitataka pesa taslimu hadi zilipwe. Mwezi uliofuata Rais akaahidi kwamba zinazodai chini ya shilingi milioni 10 zitalipwa zote na zilizozidi hapo zitahakikiwa. Kuhakiki ni halali, kwa kuwa wapo waliobuni wagonjwa na kudai malipo ya vitanda ambavyo havipo, na Waziri Aden Duale amekuwa akifunga hospitali za namna hiyo tangu aingie Wizara ya Afya mwaka huo. Lakini wagonjwa wa kweli wa hospitali ya kweli hawana uwezo wa kungoja uhakiki uishe.

Kuna kifungu katika sheria hii ambacho hunifanya nicheke kila nikikikumbuka. Mgeni anayeingia Kenya kwa muda usiozidi miezi 12 anatakiwa awe na bima ya afya ya safari. Aliyekiandika alikuwa akiona uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na mtalii mwenye kofia. Ningependa kumwona akikisimamia Busia, ambako mtu anavuka kununua kabichi na kurudi kabla ya maji ya ugali kuchemka.

Hapa wasomaji wengine watasema: basi tufanye kama Uganda, tufute ada. Polepole. Waulize waliotibiwa kule. Ada zilipofutwa mwaka 2001 wagonjwa walifurika, hasa maskini, na hilo lilikuwa jambo jema lisilopingika. Dawa hazikuongezeka kwa kasi ile. Kwa miaka sasa malalamiko ni yale yale: daktari anakuona bure, kisha anakuandikia karatasi ukanunue dawa, glavu, hata bomba la sindano, katika duka la nje ya geti. Bunge la Uganda lenyewe lilipitisha mswada wa bima ya afya ya taifa Machi 2021, na Museveni hakuutia saini, kama Kibaki alivyofanya miaka ile. Serikali ya huko imekuwa ikiahidi huduma bila kuilipia. Ya huku inadai malipo na kuchelewesha huduma. Anayeishi katikati anachukua nafuu ya kila upande na hasara ya kila upande.

Maoni yangu basi ni haya. Mahakama zimefanya kazi yake, na Omtatah na wenzake wamefanya ya kwao, kwa kuuliza kama wananchi walishirikishwa. Lakini hukumu haijazi rafu za dawa. Sehemu ya afya ya watu wasio na mshahara inapaswa kulipwa kwa kodi ambazo wanazilipa tayari, na wanalipa nyingi: VAT ya mafuta ya bodaboda, ushuru wa simu, ushuru wa soko, ushuru wa forodha uliomo ndani ya bei ya kila kilo ya sukari. Mwezi Aprili 2001 viongozi wa Afrika waliahidi Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya haijafika hapo, na badala ya kufika imebuni njia ya kumfuata mchuuzi na fomu ya kuuliza choo chake ni cha aina gani.

Kama Bunge litang'ang'ania mchango wa kila kaya, basi liondoe mkupuo na kuruhusu malipo ya wiki au mwezi bila kumtia mtu mkopo, livikubali vyama vya akina mama kuwa wakusanyaji, na uzazi urudishwe kuwa bure kwa kila mjamzito kama ulivyokuwa. Kaunti ya Busia nayo inaweza kuanza bila kungoja Nairobi. Kaunti ndiyo inayokusanya ushuru wa soko kila siku, na hakuna kinachoizuia kutenga fungu katika ushuru huo na kuwalipia SHIF wachuuzi walewale wanaoutoa.

Kwa sasa sheria ndiyo hii, na ugonjwa hausubiri rufaa. Kama uko Busia, Malaba, Nambale au Port Victoria na hujajisajili, bonyeza *147# kwenye simu au mwone mhudumu wa afya wa kijiji chako akusaidie. Kama umeshajisajili, usiishie hapo: uliza kama mwaka wako umelipwa, na uliza kama watoto wako wameandikwa chini ya jina lako. Ukiona umekadiriwa zaidi ya uwezo wako, nenda ofisi ya SHA ukadai kadirio liangaliwe upya. Na mjamzito aliye nyumbani kwako alipiwe mwezi huu, asingoje uchungu.